Pindo la Kanga na Selo ya Bi Salama

Leo nimekuta mkono wa mwanangu umefungwa. Mkono wa kushoto, umebanwa ubavuni kwa kipande cha pindo la kanga, na fundo limewekwa mgongoni asipoweza kulifikia. Nasra alikuwa mkekani anakula wali kwa mkono wa kulia, punje nyingi ziko mapajani kuliko mdomoni. Mama mkwe wangu, aliyekuja juzi kutoka Ubena kututembelea, alikuwa amekaa mbele yake akimtazama kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Anajifunza, Mama Nasra," akaniambia. "Ukimwacha hivihivi atakuja kukuaibisha mbele ya watu."

Mdomo ninao, na wanaonijua wanaujua. Lakini yule ni mama wa mume wangu, na mimi nilikuwa nimetoka juani kuuza mitumba tangu asubuhi, na nilijua nikifungua kinywa palepale nitasema neno ambalo halirudi. Nikafungua fundo, nikakikunja kile kipande kiganjani, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nikakaa kitandani.

Pembeni ya kabati imesimama selo, chombo cha muziki cha nyuzi kirefu kama mtu, imefunikwa shuka. Mume wangu huilalamikia kwamba inakula nafasi kuliko mgeni. Kwenye lile shuka kuna harufu ya utomvu mkavu, ule wa kusugulia upinde ili nywele zake zishike uzi. Ni harufu ya mbao mpya na ubani, na nyuma yake kuna kitu kichungu kidogo, kama ganda la chungwa lililokaukia dirishani. Niliingia mle na hasira za mtu mzima. Harufu ile iliponifikia, nikawa mtoto tena nyumbani kwa bibi yangu, na mkono wangu mwenyewe umefungwa.

Bibi ndiye aliyenilea, maana mama alikuwa ameolewa tena Dar. Watu wa mtaa wetu wa Majengo walimwita Bi Tumu. Nilizaliwa na mashoto, na kila nilichopewa nilikipokea kwa mkono usiofaa: kijiko, chaki, sahani ya mgeni. Kwa Bibi ule ulikuwa mkono wa chooni, basi. Aliogopa siku ambayo ningekaa na wenzangu kwenye sinia moja la pilau harusini, nikatumbukiza mkono wa kushoto, na watu wote wakanawa wakaondoka. Aliiogopa siku hiyo kama wengine wanavyoogopa moto. Kwa hiyo kila tulipokula, na kila nilipoandika, alinifunga.

Na alinifunga kwa upole, hilo ndilo lililonitesa. Alichana pindo la kanga yake kuukuu, laini iliyofuliwa mpaka ua limepotea, akanizungushia mkono na ubavu, halafu akapitisha kidole chake kati ya kitambaa na ngozi yangu kuhakikisha hapabani. "Panauma?" ananiuliza. Nasema hapaumi. "Basi kula, mke mwenzangu." Angekuwa katili ningemchukia, mambo yakaisha. Sasa utamchukiaje mtu anayekuuliza kama panauma?

Alasiri moja alinituma kwa Bi Salama kurudisha sinia aliloazima. Bi Salama alikaa nyuma ya msikiti, akiuza maandazi asubuhi, na wenye midomo walisema mengi juu yake: kwamba alitoka Tanga, kwamba alikuwa mpigaji kwenye kilabu cha taarabu, kwamba aliachika kwa sababu ya muziki au alipenda muziki kwa sababu ya kuachika, inategemea nani anasimulia. Nilipiga hodi mara kadhaa, sikujibiwa. Nikasikia sauti uani, nzito, ya chini, kama mtu mnene anaimba amefumba mdomo. Nikaingia.

Nyie wa rika langu mnaikumbuka sauti ile kwenye taarabu walizopenda wazee wetu, kabla vinanda vya umeme havijafagia kila kitu. Lakini kuisikia redioni ni kitu kingine, na kuiona inatoka kwa mtu ni kitu kingine. Selo ni kama fidla iliyokua ikapata kiuno na nyonga. Haikai begani. Inasimama sakafuni kwa mguu wake mmoja wa chuma, na mpigaji anakaa kitini akiikumbatia kwa magoti. Bi Salama alikuwa amejifunika kanga mbili mapajani, mikono ya gauni ameikunja hadi viwikoni, karafuu iko shavuni, macho ameyafumba.

Mimi sikuangalia selo. Niliangalia mkono wake wa kushoto. Ulikuwa unapanda na kushuka kwenye shingo ya kile chombo, vidole vinakimbia, vinatetemeka, vinabonyeza, vinaachia. Mkono wa kulia ulikuwa na upinde tu, unakwenda, unarudi, kazi ya mtumishi. Na akili yangu ya kitoto ikafunga hesabu yake palepale: huyu ni mtu wa mashoto. Ni mwenzangu. Amekua mtu mzima, hakuna aliyemfunga, na amepata chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Akafumbua macho. "Wewe mjukuu wa Bi Tumu, hilo sinia umelileta au umekuja nalo kutembea?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unanikodolea hivyo?"

"Na wewe walikufunga?"

"Walinifunga nini?"

"Mkono."

Akaona alama kwenye mkono wangu, mistari ya kitambaa iliyobaki ngozini tangu mlo wa mchana. Hakusema masikini. Hakusema pole. Alisogeza kiti, akasema, "Weka sinia chini. Kaa hapa."

Akanipa selo. Ilinizidi kimo, na ubao wake ulikuwa bado una joto la kifua chake. Nikachukua upinde kwa mkono wa kushoto, kwa furaha. Akauchukua, akautia mkono wa kulia. Nikaurudisha kushoto. Akauhamisha tena, bila neno, kama mtu anayegeuza mtoto kibla. Basi nikaangua kilio. Nililia kama nimefiwa, maana nilikuwa nimempata mwenzangu na hata chai haijapoa, naye kumbe ni kama wao.

"Unalia nini?"

"Na wewe unataka wa kulia."

"Mimi mwenyewe ni wa kulia. Nakula kwa wa kulia, naandika kwa wa kulia, maandazi nakanda kwa wa kulia. Nani kakwambia mimi nina mashoto?"

Akachukua mkono wangu wa kushoto, akakishika kidole cha shahada, akakibonyeza juu ya uzi mpaka kikaingia alama. "Sikiliza. Ule wa upinde ni wa pumzi. Unavuta, unatoa. Ukikosa pumzi huimbi, ni kweli. Lakini wimbo hauko kule. Wimbo uko hapa, chini ya kidole hiki. Kila anayepiga selo, awe na mashoto au asiwe nayo, wimbo anautafuta kwa mkono huu. Sikuupanga mimi utaratibu huo, na bibi yako hakuupanga. Sasa vuta."

Nikavuta. Ilitoka sauti ya mbuzi aliyekabwa na kamba. "Vizuri," akasema Bi Salama. "Leo tumejua iko hai."

Nataka niwaambie ukweli kuhusu kujifunza selo, kwa sababu watu wakisikia muziki wanadhani ni raha. Ni maumivu. Nyuzi zinakata vidole, vinavimba, vinatoka malengelenge, halafu vinakuwa vigumu kama punje za mahindi makavu. Shingo ya selo haina alama yoyote ya kukuonyesha kidole kikae wapi. Unatafuta gizani kwa sikio, ukikosea upana wa ukucha umekosea. Na sakafu za kwetu za saruji zinateleza. Kila nilipopata sauti ya maana, ule mguu wa chuma uliteleza na selo ikanikimbia, nami nyuma yake, mpaka Bi Salama anasema, "Mfuate mumeo, anakwenda sokoni."

Hakuwa mwalimu mpole. Nikibana upinde, "Hukati nyama." Nikiinua bega, "Shusha, hujabeba ndoo." Mkono wangu wa kulia ulikuwa mkavu kama ubao, haukujua kitu, kwa hiyo alinikalisha kwenye mbuzi ya nazi akanipa nazi za maandazi ya kesho. Nilidhani ananitumikisha, nikanuna. Kumbe alikuwa anatazama kifundo cha mkono wangu, pale kinapogeuka, na kilipoanza kulainika aliniambia acha, osha mikono, kamata upinde. Siku hiyo yule mbuzi wa kamba alinyamaza. Sauti ilitoka ndefu, pana, haijakatika, nikaisikia kwenye magoti na kwenye meno. Bi Salama aligeuka kutazama ukuta. Aliponigeukia tena karafuu ilikuwa imehamia shavu la pili, na ndiyo sifa aliyonipa.

Lakini mkono wa kushoto, jamani. Mkono wa kushoto ulikuwa nyumbani kwao. Bi Salama alisema amefundisha watu Tanga ambao vidole vyao vya kushoto vililala mwaka mzima. Vyangu viliamka siku ileile. Hakuna mtu aliyewahi kuusifia ule mkono. Nilikuwa nautazama usiku nikiwa kitandani kama kiatu kipya.

Nyumbani sikusema. Nilikuwa natoroka mara baada ya kula, kabla Bibi hajanifungua, najifungua njiani, kwenye ukuta wa msikiti, na kabla ya kuingia kwa Bibi najifunga upya kwa meno. Sasa Bibi alikuwa na fundo lake, lile la kufungia kuku wa kupelekwa safari, halifunguki bila kujua pa kuvuta. Mimi kulifungua nilijua, kulifunga sikujua, nikafunga fundo la kamba za viatu. Siku alipoliona, hakunipiga. Alishika mkono wangu, akapapasa ncha za vidole, akakuta zile punje za mahindi.

"Unafanya nini na mkono huu, Tatu?"

Nikamwambia. Uongo sijawahi kuuweza.

"Kwa Salama? Unakaa umepanua miguu, umekumbatia gogo, na mkono wa chooni?" Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kwake sasa basi."

Na kuanzia hapo akanifunga mchana kutwa, si kwenye chakula tu. Aliniuliza kama panauma, kama kawaida. Nikasema hapaumi. Lakini mkono uliobanwa ubavuni una kitu cha kufanya ukitaka: mbavu ziko palepale. Nikazifanya nyuzi. Nilikuwa nakaa mlangoni nachambua mchele kwa mkono wa kulia, na chini ya kitambaa vidole vya kushoto vinabonyeza mbavu, kimoja, viwili, kidole kidogo, rudi. Bibi akichambua mchele huwa anavuma wimbo mmoja, hauna maneno, ni wake, nadhani aliurithi kwa mama yake bila maneno vilevile. Nilikuwa namfuata mbavuni. Anavuma, nabonyeza. Hakujua.

Ndipo Bi Salama akaja.

Nilisikia kwanza ukimya barabarani. Halafu nikaona wanaume wa barazani kwa jirani wanasimama mmoja mmoja, wanaacha bao, wanavua miwani, mmoja anasoma dua kwa sauti ndogo. Mkokoteni wa muuza maji ulikuwa unakuja taratibu, na juu yake kitu kirefu kimelazwa, kimefunikwa shuka la kijani, na Bi Salama anatembea pembeni ameweka mkono juu yake kama mfiwa.

"Nani amefariki?" akauliza mzee mmoja.

"Hajafariki mtu. Kaeni, msije mkaandikiwa thawabu bure," akasema Bi Salama, na kupiga hodi kwetu.

"Karibu," akasema Bibi, maana hodi hujibiwa hata kama hutaki.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Salama, kama umekuja kwa ajili ya mtoto, umepoteza nauli ya mkokoteni."

"Nimekuja kusikia unalalamikia nini. Nisikie kwako, nisisikie mtaani."

Bibi akahesabu kwa sauti. Mkono wa kushoto ni najisi. Mtoto wa kike hakai amepanua miguu mbele ya watu.

"Hilo la miguu," akasema Bi Salama, "na mbuzi ya nazi tunaikaliaje?"

"Mimi huikalia upande."

"Ndiyo maana nazi yako ina mabonge."

Nilidhani Bibi atamfukuza. Akaminya midomo, na nikaona anazuia kitu kisitoke, na sikujua wakati ule kwamba ni kicheko. Bi Salama hakungoja. Aliingiza selo sebuleni, akavuta kiti, akaniita. Akanifungua mwenyewe, fundo lile la kuku, kumbe na yeye alikuwa analijua. "Piga," akaninong'oneza. "Usipige nilichokufundisha. Piga kitu cha humu ndani."

Nilijua kabisa kinachoamuliwa: nikiharibu, mkono unarudi ubavuni na selo inarudi mkokoteni. Nikafumba macho. Nikatafuta sauti ya kwanza ya ule wimbo wa mchele, nikaikosa, kidole kikateleza juu kidogo kikaipata. Nikavuta pumzi na upinde. Sauti ya pili ikaja, na ya tatu, pale Bibi anapopanda halafu anakaa kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Nilijua atakaa kiasi gani kwa sababu mbavu zangu zilijua.

Katikati ya wimbo, mguu wa chuma ukateleza.

Selo ikaondoka magotini. Nikaibana kwa kifua, upinde ukakwaruza, mbuzi akalia. Nikafumbua macho nikijua imekwisha. Na kwenye ule ukimya nikasikia wimbo unaendelea. Bibi alikuwa anauvuma, pale nilipouachia, anatazama sakafu. Akaufikisha mwisho. Wale wa barazani walikuwa dirishani, wamesimama tena.

"Huo wimbo amefundishwa na nani?" Bibi akauliza.

"Si mimi," akasema Bi Salama. "Mimi siujui."

Bibi akaniita karibu. Akashika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza akaangalia kiganja, kama anatafuta mlango wake ulipo. "Utakula kwa wa kulia," akasema. "Utapokea kwa wa kulia, utasalimia kwa wa kulia, na hilo sitakufunga, nitakukumbusha kwa mdomo mpaka nife. Kwenye hicho chombo, hayo ni yako na Salama." Kisha akaokota lile pindo sakafuni, akataka kulikunja alihifadhi, maana yeye hatupi kitu.

"Nipe hilo," akasema Bi Salama. Akapiga magoti, akafunga ncha moja kwenye mguu wa kiti, nyingine akaifanya kitanzi, akauingiza mguu wa chuma wa selo ndani yake. Akaisukuma. Haikwenda popote.

"Sasa," akaniambia, "hakukimbii tena."

Miaka yote niliyojifunza kwake, nilipiga selo ikiwa imeshikwa na pindo lile. Nimepiga harusini, si sana, na sikupata umaarufu. Nikamaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa, nauza mitumba. Bibi alitangulia. Bi Salama naye tumemzika mwaka huu, safari hii wanaume waliosimama hawakukosea. Walioniletea selo walisema aliacha neno moja tu, nipewe na kiti chake. Huyo ndiye mwanamke wanayesema hakuacha mtoto. Waje waone vidole vyangu.

Nimeandika haya nikiwa na lile pindo jipya kiganjani, na hasira bado ninazo, sitadanganya. Ila nimejua nizifanyie kazi gani.

Naongezea usiku huu: nilitoka chumbani na selo mgongoni na kiti mkononi. Mama mkwe akasogea kwenye mkeka. Nikakaa, nikamweka Nasra mbele yangu, kati ya magoti yangu na ubao, nikakishika kidole chake cha kushoto nikakibonyeza juu ya uzi mpaka kikaingia alama. Upinde nikaushika mimi. Ikatoka sauti ya mbuzi. Nasra akacheka mpaka akapaliwa.

"Mama Nasra," akasema mama mkwe, "umenikasirikia?"

"Ndiyo, Mama. Nimekukasirikia sana. Kula atakula kwa wa kulia, nitamkumbusha kwa mdomo. Hafungwi."

Macho yake yakashuka mpaka sakafuni, kwenye mguu wa kiti, akakitambua kitambaa chake, kimevutwa kimekaza, kimeushika mguu wa selo usiteleze, na fundo ni lile la Bibi, la kuku wa safari.

"Hicho ni kipande changu," akasema.

"Ni chako, Mama," nikamjibu. "Kimepata kazi."